Siku Nilipoihamisha Sauti ya Dada

Dada yangu alipofuka akiwa bado shule ya msingi, na riziki yake anaipata kwa kuandika michezo ya redio. Anaandikia kwenye laptop kuukuu yenye programu ya kusoma skrini. Kila anachoandika, sauti ya kiume inamsomea, kwa kasi ambayo mie siwezi kuifuata. Waliomuuzia programu ile walishafunga ofisi. Ikipotea, hakuna pa kuipata tena.

Asubuhi moja aliniita nyumbani kwake Temeke. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akaniambia nisogeze sikio kwenye kompyuta. Ndani kulikuwa na mlio, kama mtu anayegonga meza kwa ukucha. Diski ilikuwa inakufa.

Kesho yake nilirudi na diski ya SSD, aina isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na kebo ya kuiunganisha. Nilikusudia kunakili kila kitu kama kilivyo, mfumo wa kompyuta pamoja na programu zake, kwa sababu kupakia upya kungeiacha ile sauti nyuma. Dada aliuliza kama nimewahi kufanya kazi hiyo. Nikamjibu ndiyo, kwenye kompyuta yangu. Sikuongeza kwamba yangu haikuwa na chochote cha kulilia.

Nilianza kunakili. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini, naye akakaa karibu yangu, mikono mapajani. Kila mlio ulipozidi, alinigusa goti. Mstari ulikuwa umepita nusu niliposikia feni ya dari ikipunguza mwendo. Betri ya laptop ilikuwa imechoka siku nyingi. Skrini ikazimika hapo hapo.

"Umeme?" akauliza.

"Umeme, dada."

Alitaka kujua sauti imebaki upande gani. Nikamweleza kwamba diski ya zamani bado inayo yote, ikikubali kuwaka.

"Ikikubali," akarudia.

Alikwenda kuswali adhuhuri, akarudi, umeme bado. Mie niliiangalia laptop ile kama mgonjwa aliyelala. Umeme uliporudi nikabonyeza. Ukaja ule mlio, ukaja tena, kisha kimya. Nikazima, nikaiacha ipoe. Nilipojaribu tena ilisita kwa muda mrefu, halafu ikawaka. Nikaanza kunakili upya tangu mwanzo. Jirani alipofungulia muziki wa singeli, dada aliinuka akafunga dirisha ili ausikie vizuri mlio wa diski, nasi tukabaki na joto letu.

Mstari ulifika mwisho. Nikafungua laptop kwa bisibisi, nikatoa diski ya zamani, nikaweka mpya, nikafunga. Nilipoiwasha, kila kitu kilijaa kwenye skrini kabla sijaweka bisibisi chini. Nikamwambia imewaka. Kisha nikamtazama, nikaona bado anasubiri.

Sauti haikuwepo.

Alibonyeza vitufe vyake alivyozoea. Kimya. Mie nilikuwa naiona programu pale kwenye skrini, iko wazi, lakini haisemi. Nikaanza kumwomba radhi, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Ilipowaka, wewe ulisikia ule mlio wa kompyuta wa kuamka?"

Nikafikiri. "Hapana."

"Basi si msomaji wangu peke yake aliyenyamaza. Nipe mkoba wangu."

Akapapasa mkobani, akatoa spika za masikioni, akazichomeka. Sikuweza kusikia chochote. Nilichokuwa nacho ni uso wake tu, nao haukuniambia kitu. Aliinamisha kichwa. Akabonyeza kitufe, akasubiri, akabonyeza kingine. Halafu vidole vyake vyote vikashuka kwenye kibodi na kuanza kuandika.

"Yupo," alisema baada ya muda. "Ila sasa anajibu haraka mno, hanipi nafasi ya kupumua."

Nikafungua laptop tena. Waya mwembamba wa spika ya ndani ulikuwa umechomoka, bila shaka niliuvuta nilipokuwa nabadilisha diski. Nikauchomeka, nikarudisha skrubu, nikaiwasha, na ile sauti ikasikika chumba kizima. Alikuwa na mchezo wa kumalizia jioni ile, kwa hiyo hakunikaribisha kukaa. Aliniambia chakula kiko jikoni, nipakue mwenyewe, na mlango niurudishe taratibu.