Kipande cha Baba Mkwe Kilichokwenda Pwani

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisinzia mchana, na harufu yake huja kabla ya watu wake. Ni harufu ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili isioze, inayomtoa machozi hata asiye na msiba. Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa kijana wa maabara katika hospitali moja hapa Tabora. Nilikuwa nimeoa juzijuzi, na nilijiona mtu mzima kwa sababu ya koti jeupe.

Siku hiyo daktari alimpasua mzee mmoja wa Ntalikwa aliyekuwa hawezi kukojoa. Akamtoa tezi dume, akaniletea kwenye bakuli, imefunikwa shashi, ukubwa wake kama limau. Alisema kidole chake kilikuta sehemu ngumu, anahofia saratani, na jibu liko Dar es Salaam kwa mtaalamu wa hadubini. Kazi yangu ilikuwa kuipima uzito, kuichanja ili dawa ipenye hadi ndani, kuizamisha kwenye fomalini tele, na kuandika jina ubavuni mwa chupa wala si kwenye kifuniko, maana vifuniko huchanganyika. Kisha niizibe kwa nta ya nyuki na kuipeleka stesheni. Tena upesi, kwa sababu nyama ikikauka haisomeki, na mtu hatolewi tezi mara mbili.

Mzee huyo alikuwa baba mkwe wangu.

Wewe wa leo utacheka. Lakini kwetu Wanyamwezi, wakati ule, ukimwona mkwe njiani unaingia porini kumpisha. Huli naye chungu kimoja, wala humkazii macho. Sasa nimshike mahali ambapo hata mwanawe hapaoni? Mikono ilikataa. Mwenzangu wa maabara alikuwa amekwenda Igalula kuzika, na daktari nilimwonea haya. Nikatoka nje, nikaegemea ukuta, nikingoja nisichokijua. Joto la kabla ya mvua lilikuwa limeilaza hospitali nzima. Njiwa walilia juu ya mabati, nami nikawa kama naota macho wazi, na huko ndani shashi inakauka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa nayaficha maradhi ya mwingine.

Wabebaji wakampitisha mzee kwenye machela. Sindano ya mgongo ilikuwa imetia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini tu, kwa hiyo macho yaliona na ulimi ulisema. Niligeuka, shikamoo yangu nikaupa ukuta. Akaitikia marahaba, akawaomba wabebaji wasimame, akauliza kile kilichotoka kwake kiko wapi. Nikajibu kiko mezani, bado. Akauliza kwa nini. Akautazama mgongo wangu, akaelewa.

"Niangalie," alisema. Hakuwahi kuniambia neno hilo tangu nimjue. "Baba yangu alikuwa mpagazi wa njia ya Bagamoyo. Alibeba hata pembe za ndovu za watu aliowaogopa. Mzigo ukishatua begani kwako ni wako mpaka ufike. Unanistahi, mkwe wangu, mpaka uniue?"

Sauti yake haikuwa na hasira, na ndiyo maana iliniuma. Halafu akafumba macho, akasema kwa usingizi usingizi kwamba yeye bahari hajaiona, basi angalau kipande chake kikaione. Wabebaji walicheka. Mimi nililia, na siisingizii fomalini.

Nikaingia ndani. Shashi ilikuwa imekauka pembeni, lakini chini yake nyama ilikuwa bado mbichi, nzito kuliko nilivyodhani. Nikapima, nikachanja, nikazamisha, nikayeyusha nta polepole mdomoni mwa chupa. Treni ya pwani ilipoondoka nilibaki stesheni nikiitazama. Niliwaona, au niliota, wapagazi wa zamani wakitembea kandokando ya reli, mizigo kichwani, bila haraka.

Jibu likarudi. Nyama ilisomeka vizuri, na ilikuwa saratani. Kwa kuwa alijua, daktari akamfanyia upasuaji mwingine mdogo wa kuipunguza kasi, na mzee akavuna karanga zake misimu kadhaa, akawaona wanangu wakitambaa. Alipofariki, wazee walikuja kunitafuta nyuma ya nyumba, mahali tunapokaa wakwe. Walisema marehemu ameacha neno.

"Anioshe mkwe wangu. Yeye hana cha kunionea haya."

Wengine waliguna. Nikaingia, nikamwosha.

Mwanangu, heshima si utumwa. Desturi ya wakubwa zako ishike, maana mwacha asili ni mtumwa, lakini maisha ya mtu yakiwa mikononi mwako, uliza kwanza linalomfaa yeye, si linalokuondolea wewe aibu. Anayekuhitaji usimgeuzie uso ukasema unamstahi. Mtendee, hata mikono ikikataa.

Mungu akupe mikono isiyokimbia, na siku utakayolala wewe hujiwezi, akuletee wa kukushika.