Shingo ya Twiga wa Chuma

Mnisamehe mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na vidole viwili vya mkono ninaoandikia vilivunjwa kwa rungu. Nitaeleza ilivyokuwa.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na bidhaa zikafurika Kariakoo, nilikuwa nachomelea vyuma kwenye karakana moja karibu na Msimbazi. Mzungu mmoja alituagiza twiga wa chuma, mrefu kuliko ghorofa, wa kupelekwa kwenye tamasha jangwani, nchi za mbali. Watu wangeingia tumboni, wapande ngazi ndani ya shingo, watokee kichwani wautazame mchanga. Tulimjenga kwa chesisi za malori na mabomba makuukuu, nje barabarani, maana uani hakuenea.

Tulikuwa na desturi. Kipande kikubwa tunakishikiza kwanza kwa nukta chache za moto. Hakichomelewi chote mpaka fundi mkuu avuke barabara, akitazame kwa mbali, aseme kimenyooka. Asubuhi hiyo shingo ilikuwa imeshikizwa tu. Fundi mkuu alikuwa ng'ambo, amefumba jicho moja, anapima.

Ndipo mgambo wa jiji wakaruka kutoka kwenye lori lao na marungu, kuwafukuza wachuuzi wa barabarani. Wamachinga wakatimua mbio. Mama muuza vitumbua alipigwa usoni, karai lake likapinduka, mafuta ya moto yakawamwagikia watu miguuni. Kaka yangu, muuza mashati ya mitumba, alikimbilia kwenye twiga na furushi lake, akapanda ngazi ya ndani hadi juu shingoni. Wenzake wakamfuata.

"Shukeni!" nilisema. Sauti yangu ni ndogo tangu utotoni, hakuna aliyesikia. Shingo ikalia, ikaanza kuinama.

Kaka akachungulia kati ya mabomba. "Dogo, huyu mnyama wenu anasinzia?"

"Usitikisike! Haijachomelewa!"

"Sasa ndiyo unaniambia?"

Nikawasha mashine, nikapanda mgongoni kwa twiga, nikaanza kuchomelea kiungo. Cheche zikaruka juu.

"Unatukaanga!" mmoja akapiga kelele.

Mgambo mmoja akapanda nyuma yangu. "Zima hiyo, mshenzi! Washushe!"

Akanipiga mbavuni, kisha mgongoni. "Nikiacha wanaanguka!" nikamwambia. Akapiga mkono. Vidole vikavunjika, nikavisikia. Nikahamishia kijiti cha kuchomelea mkono wa kushoto, nikaendelea.

Fundi mkuu akavuka mbio, akamvuta yule mgambo mguu, wakaporomoka wote wawili. Mgambo watatu wakamkanyaga fundi palepale chini, kanzu yake ikawa nyekundu.

"Choma!" alinikemea. "Usiangalie huku!"

Nikafunga kiungo chote. Kaka na wenzake walishuka mmoja mmoja, moja kwa moja kwenye marungu. Mashati yakaondoka na lori. Kaka alikaa kwenye lami, kichwa kimepasuka.

"Afadhali," alisema. "Huku chini nimepigwa tu."

Fundi mkuu, mdomo umevimba, alivuka tena barabara akatazama.

"Imepinda," alisema.

"Tuikate, fundi?"

"Kiungo hicho? Thubutu!"

Mzungu alimkubali hivyohivyo, na shingo yake iliyopinda. Twiga alilazwa mzima juu ya trela, akapelekwa bandarini. Sijui kama alifika, wala kama watu wanampanda. Wewe unayesoma, kama wewe au ndugu yako aliyesafiri mmemwona huko jangwani twiga wa chuma aliyepinda shingo, niandikie uniambie kama bado imeshika. Naandika polepole, lakini nitajibu.