Kofia Isiyofuliwa

Marlys Haugen aliijua damu machinjioni kabla ya kuvaa koti jeupe la maabara yetu ya uchunguzi wa jinai hapa mjini Duluth. Mpaka leo hula sandwichi yake ya maini akitazama picha za maiti. Ukimkodolea macho atakuuliza, "Unataka kipande au unataka kutapika?" Meza yangu iko jirani na yake, na sijamzoea bado.

Kesi ya Krista ilimchoma. Krista alipigwa nyundo jikoni kwake hadi uso ukapotea. Mumewe Todd, kocha wa hoki ya barafuni, alikutwa amempakata, shati limelowa kifuani. Alisema ametoka dukani, akamkuta mkewe chini, akamkumbatia. Polisi waliofika walikuwa wanamjua. Mmoja alilia naye, kisha wakamwacha aende na nguo zilezile mwilini. Ujinga mtupu. Mpelelezi Pelletier alipoanza kushuku, shati lilikuwa limeshafuliwa. Alilifua Verna, mama mzazi wa Krista, aliyehamia pale kumlea mjukuu. Aliliroweka kwenye maji baridi na chumvi ili mkwewe asiione tena ile damu.

"Shati hili halitusaidii," Marlys alimwambia Pelletier. "Damu imesambaa kote. Sikudanganyi."

"Basi yule mama ataendelea kulala nyumba moja na muuaji, na mtoto chumba cha pili. Tafuta kitu, dada."

"Kofia yake ya bahati iko wapi?"

"Mlangoni, inaning'inia. Anasema siku ile aliiacha garini."

"Timu yake bado iko kwenye ligi?"

"Bado."

"Basi haijafuliwa. Iombee hati ya mahakama, uje nayo."

Hapa kwetu kofia ya bahati haiguswi na sabuni mpaka timu itolewe. Hata inuke jasho vipi, ole wake atakayeitia majini, timu ikifungwa lawama ni zake. Verna alizaliwa na kuolewa kwenye nyumba za wacheza hoki. Asingethubutu.

Kofia ilikuwa nyeusi, kwa macho matupu huoni kitu. Chini ya kamera yetu maalumu vikatokea vitone kisogoni, vidogo, vyenye mikia, vimefuatana. Vipimo vya vinasaba vikasema ni damu ya Krista.

Marlys akavaa ovaroli nyeupe na kofia mpya, akaingia chumba cha majaribio. Sifongo iliyolowa damu ya kondoo ilikuwa juu ya gogo. Akaanza kuipiga kwa nyundo. Pigo la kwanza halikurusha kitu nyuma. Nyundo ilipokwisha kulowa, kila alipoiinua juu ya bega ilirusha damu kisogoni kwake, ukutani, mpaka darini. Alipiga kwa meno yaliyokazwa. Niliogopa, nakiri.

"Inatosha, Marlys."

"Krista naye alisema inatosha," akajibu, akainua tena.

Kwa kanuni zetu nilipewa picha za kofia zote mbili bila kuambiwa ipi ni ya nani, wala Marlys kaona nini. Niliandika kwamba wote wawili waliozivaa walikuwa wakiinua kitu chenye damu na kukishusha kwa nguvu. Mtu aliyekumbatia tu hapati alama zile.

Todd alifungwa maisha. Tulipotoka mahakamani Verna alimfuata Marlys kwenye korido.

"Wewe ndiye wa kofia?"

"Ndiyo, mama."

"Lile shati nililisugua kwa mikono hii. Maji yalikuwa mekundu, nikamwaga, nikatia mengine. Nikalipiga pasi. Alilivaa kwenye mazishi, na vifungo nikamfunga mimi."

Marlys akaishika ile mikono.

"Alinishukuru," Verna akasema. "Alinibusu hapa shavuni, akanishukuru."