Makopo Mawili ya Mwalimu Riziki

Saa mbili asubuhi, darasa la kidato cha nne katika shule moja ya kata ya Magomeni, Mtwara, limetulia. Mwalimu Riziki Chilumba, mjamzito wa miezi saba, anaweka makopo mawili mezani. Moja la baba, jingine la mama. Kila kopo lina maharage mawili, moja jekundu, moja jeupe.

"Kila seli ya mwili ina vinasaba vya pande mbili," anasema. "Mtoto huchukua nusu kwa baba, nusu kwa mama. Haya Helena, fumba macho, tuzalie mtoto."

Darasa linacheka. Helena anachota moja kila kopo, anatoa mekundu mawili. Kicheko kinakatika, maana wameshaambiwa: mekundu mawili ni ugonjwa wa selimundu, chembe za damu hupinda na kuziba mishipa midogo.

"Rudisha," mwalimu anasema. "Kila mtoto anaanza na makopo yaleyale."

Maneno hayo yanamtoka kwa taabu. Mwanawe wa kwanza, Muzamil, alifariki kwa ugonjwa huo akiwa na miaka minne. Alikuwa akilia viungo vinamuuma, na watu wazima nyumbani wakasema ni baridi tu.

"Kila mwaka nilikuwa nafundisha mada hii, huku mwanangu namkanda mafuta ya nazi," anasema baada ya kipindi. "Inaniuma mno. Tulipompeleka kupimwa alikuwa ameshachoka."

Baada ya msiba, yeye na mumewe Thabiti, mkulima wa korosho na muhogo huko Naliendele, walipimwa. Wote wawili wamebeba kinasaba cha selimundu bila kuugua. Daktari akawaeleza kuwa uwezekano wa mtoto wao kuugua ni mmoja kati ya wanne. Thabiti, masikini, akaishika hiyo namba.

"Basi fungu letu tumeshatoa, Mama Muzamil," akamwambia mkewe. "Watatu wanaokuja ni wazima."

Riziki hakuwa na moyo wa kumkatisha. Mimba ilipoingia, mume akaanza kutafuta jina, anacheka peke yake shambani. Mwezi uliopita ndipo mke alipojikaza, akampelekea yale makopo barazani.

Thabiti akachota: jekundu na jeupe. Akarudisha. Akachota tena, meupe mawili, akatabasamu. Akarudisha. Mara ya tatu yakaja mekundu mawili. Akayatazama kiganjani muda mrefu.

"Kwa hiyo hakuna wazima wanaotusubiri?"

"Hakuna, Baba Muzamil. Kila anayekuja anakuja na bahati yake."

Akaondoka kwenda kwenye mihogo yake, chakula cha mchana hakukigusa. Aliporudi macho yalikuwa yamemvimba, akauliza kliniki ya selimundu hufunguliwa siku gani.

Sasa wamekubaliana: mtoto akizaliwa, apimwe damu mapema, na kama anao ugonjwa, aanze dawa kabla maumivu hayajamfika.

"Namuomba Mungu anipe mzima," anasema Riziki. "Lakini akija nao, asitukute tunashangaa. Muzamil alitukuta tunashangaa."