Kambare wa Sebuleni kwa Wathome

Wathome alikuwa mpimaji wa ng'ombe katika kiwanda cha nyama hapa Athi River, na kwa miaka mingi dunia ilimjia ikiwa na kilo zake. Akikutana na mtu waliyepoteana naye, hakumuuliza habari za watoto. Alimtazama kiunoni, akasema, "Umepungua," au, "Umejaza," na salamu zikawa zimekwisha.

Mwaka wa 2001 bintiye Wayua, aliyekuwa akishona suruali za Wamarekani huko kwenye viwanda vya EPZ, alirudi nyumbani na kifua. Majirani wa ploti walisema ni kifua, na Wathome akasema ni kifua; miaka ile neno hilo lilifanya kazi nyingi. Wayua alikuja na begi la nguo na tangi la vioo lenye samaki wa mapambo, wadogo, wengine wa milia, wengine wa rangi ya fedha, na mmoja mwekundu mwenye mkia uliochanika. Kitanda chake kiliwekwa sebuleni, tangi likawekwa mbele yake. Kula hakuweza, lakini kutazama aliweza.

Vioo vilipoanza kuota ukijani, Wathome alikwenda Nairobi kutafuta samaki wa kusafisha. Muuzaji alimtolea kambare wa urefu wa kidole, mwenye sharubu.

"Huyu anakula uchafu wote, mzee. Na anakua haraka."

Mtu mwingine angeuliza anakua mpaka wapi. Kwa mpimaji wa ng'ombe hiyo ilikuwa sifa.

Ni lazima isemwe kwamba kwa kina Wathome samaki hawakuliwa. Mamake aliwaweka kundi moja na nyoka. Kwa hiyo hakuna aliyejua samaki naye hula nini. Kilichojulikana ni kunonesha mbuzi: unamfunga ndani ya nyumba, unamletea majani mpaka kusimama kuwe kazi. Kambare alinoneshwa kwa mtindo huo, ila yeye kwa ini.

Ini lilitoka kiwandani. Nesi alikuwa ameagiza Wayua ale, aongeze damu. Wayua alionja kipande, akasukuma sahani, na kilichobaki kikakatwakatwa kikaingia majini. Kambare akawa kama mkono wa mtoto, kisha kama mkono wa Wathome mwenyewe. Wayua alikuwa akielekea upande wa pili.

Samaki wadogo nao wakaanza kupungua. Mizoga haikuonekana. Wathome alimshuku paka wa jirani, akaweka tofali juu ya kifuniko.

Rafiki yake Elmi, mfanyabiashara wa ng'ombe, alipokuja kumjulia hali mgonjwa alisimama mbele ya tangi kwa muda.

"Wallahi, mzee, mimi ni mtu wa ngamia, mambo ya samaki sijui. Lakini hiyo mdomo si ya kufagia nyumba."

"Huyo ameshiba. Mnyama akishiba ataiba ya nini?"

"Umepima ng'ombe mpaka macho imekwisha! Angalia hao wengine wako wapi."

Wathome hakuangalia. Wayua alikuwa ameshaangalia, tena mchana kutwa. Alikuwa amebaki yule mwekundu, amejibana nyuma ya bomba la pampu ya hewa.

"Baba, nitolee huyo mkubwa," alisema. "Niachie huyu mmoja tu."

"Jumamosi. Nikiwa off nitampeleka mtoni."

Mto haukuwa mbali, na ndoo ilikuwepo. Lakini katika nyumba ile kilichoongeza uzito kilikuwa kimoja tu, na Wathome alikuwa ameanza kuingia kutoka kazini akikipita kitanda bila kugeuza shingo, moja kwa moja hadi kwenye tangi.

Jumamosi ikapita. Kabla ya nyingine kufika, mkia uliochanika ulikuwa hauonekani tena. Wayua hakulia wala hakumlaumu mtu. Aliomba kitanda kigeuzwe, aelekee ukutani, kikageuzwa. Alizikwa mwezi wa nane. Vijana waliobeba jeneza walipokezana kwa heshima tu, uzito haukuwepo.

Waombolezaji walipoondoka, mkewe Kalekye alisema, "Baba Wayua, toa hiyo mnyama kwangu."

"Jumamosi."

Kalekye alikwenda jikoni akarudi na jagi na ndoo. Alizima pampu, akachota maji mpaka changarawe ikabaki kavu, kisha akavuta kiti, akaketi kumngoja kambare afe.

Kambare, hata hivyo, hupumua hewa kama sisi. Alilala ubavu, amejikunja kwa kuwa tangi lilikuwa halimtoshi tena, na kila mara alifungua mdomo akavuta, kukatoka mkwaruzo mdogo kooni. Wote wawili waliujua mkwaruzo ule. Waliusikia katika chumba hicho hicho hadi mwezi wa nane, ukitoka upande wa ukutani.

"Huyu ndiye anakataa kufa," alisema Kalekye. "Huyu."

Kambare akavuta tena. Wathome aliinama, akaokota jagi, akalizamisha kwenye ndoo, akaanza kurudisha maji. Kalekye alimtazama mpaka alipomaliza.