Pombe Nzito ya Harusi ya Mama Mdogo

Mwezi uliopita nilikuwa napita Mabwerebwere, pale Kilosa mjini, nikamkuta mama mmoja ameanika kimea juu ya turubai. Mtama ulioota, unaanza kukauka, na ile harufu yake ya utamu unaotaka kuchacha. Nikarudi nyuma hatua mbili. Yule mama akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, nikamwamkia, nikaenda zangu. Ningemwambiaje kwamba nimeogopa mtama?

Nyumbani kwetu ni upande wa Mikumi, kijiji ambacho mashamba yake yanaishia pale hifadhi inapoanzia. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mpika pombe. Yake ilikuwa nzito, mtu anainywa kama chakula. Utamu unabaki ulimini, ukali unakuja nyuma polepole. Kazi yote ilikuwa kwenye joto la uji. Akishauepua alikaa kando ya sufuria akichovya kidole, mimi nikipunga moshi na kulamba mwiko, na akiona sawa ndipo anatia kimea. "Ukitia umepoa," aliniambia, "utamu wote unaliwa, unabaki na maji makali. Ukitia ungali unachemka, kimea kinakufa." Baada ya hapo alitega sikio kwenye mtungi kila alipopita. Pombe changa inachemka yenyewe bila moto, unaisikia. Sauti ikianza kupungua alichuja, na ilinywewa siku hiyohiyo, kabla haijaendelea kujila ikawa nyepesi.

Mwaka ule mama mdogo alikuwa anaolewa, wakwe wanatoka Tindiga. Bibi alitaka wapokelewe kwa pombe nzito, akajaza mitungi kwenye banda la nyasi nyuma ya nyumba. Siku ya kuchuja ikafika, na mvua nayo ikafika. Simu ya mama ikalia: njia imekatika, wakwe watakuja maji yakipungua. Bibi aliinuka palepale. Alikwenda bandani kutega sikio.

Alifanya alichoweza. Aliizungushia mitungi magunia yaliyoloa ili ipoe, ichelewe. Haikuchelewa. Alipochota kwa kata na kumimina, ile iliyokuwa ikishuka kama uji wa mtoto sasa ilishuka kama maji. Harufu nayo ikakua. Ilitoka bandani, ikajaa uani, ikavuka hadi kwa jirani yetu, mzee Mwislamu ambaye pombe hakuwahi kuionja. Akaja akasimama uani.

"Dada, hii harufu inaita. Jana tembo wameonekana kwenye mahindi. Imwage."

"Nikiimwaga, kaka, nitawapokea wakwe kwa nini?"

"Kwa uhai wako."

Bibi akasema kesho. Ataimwaga kesho kama hawajafika.

Jioni ile, mvua imekatika na giza halijaingia, alinichukua bandani nimshikie kata. Tulisikia mabua yakivunjika shambani. Bibi akainua kichwa. Halafu kimya, kimya cha namna ambayo hata mtoto anajua si kizuri. Kisha nikasikia ngurumo ya chini kabisa, naisikia tumboni zaidi kuliko masikioni. Ukuta wa nyasi ukabonyea, ukapasuka, na mkonga ukaingia.

Ulikuwa na matope mabichi. Ulipapasa hewa juu ya vichwa vyetu, ukashuka, ukagusa mdomo wa mtungi taratibu kama kipofu anayetafuta kikombe. Nilijikojolea. Bibi alinifunika mdomo kwa kiganja, na mgongoni mwangu niliusikia moyo wake unavyopiga. Mlango ulikuwa upande wa pili, lakini kuufikia ilibidi tupite chini ya ule mkonga.

Akaiangalia mitungi. Naukumbuka uso wake hadi leo. Kisha akausukuma kwa mguu mtungi uliokuwa karibu, ukaanguka, pombe ikamwagika ikapita chini ya ukuta kwenda nje. Mkonga ukateremka kuifuata. Bibi akanibeba, akapita ameinama, tukatoka.

Hatukusimama hadi kwa jirani. Mama na mama mdogo walikuwa wameshakimbilia huko, na mzee na wanawe walikuwa wanapiga madebe. Katikati ya kelele zile tulisikia banda likilala chini na mitungi ikivunjika, mmoja baada ya mwingine. Mama mdogo alilia. Bibi alikaa kwenye mkeka hajanishusha.

Wakwe walikuja maji yalipopungua. Mke wa jirani aliwapikia togwa, wakanywa, wakasifu, ndoa ikafungwa. Mama mdogo yuko Tindiga mpaka leo, ana wajukuu.

Banda lilijengwa upya. Lakini bibi akikaa kando ya sufuria, bua likivunjika tu shambani, anasimama na kutoka nje kusikiliza. Akirudi, uji umeshapoa. Pombe yake ikawa nyepesi na kali kama ya kila mtu. Wanywaji walikunywa kwa heshima, halafu wakapungua, halafu akaacha.

Kabla hajafariki nilimuuliza kama aliisikitikia ile mitungi. "Mjukuu wangu," akasema, "kila ulipovunjika mmoja nilishukuru. Wakiwa wanavunja mitungi, hawatufuati sisi. Nikawa naomba isiishe."

Siku hizi nyuma ya nyumba pana mihogo. Vijana wanakunywa bia za chupa kule barabarani, na ile ladha nzito hakuna anayeijua tena. Hata mimi niliionja utotoni tu, kwenye ncha ya mwiko. Tembo bado wanatoka hifadhini msimu wa mahindi. Wanapita uani kwetu moja kwa moja, hawasimami. Nami nikiwa kule, hulala nimevaa viatu.