Hasira na Waya Wake wa Kurudia

Ipo siku moja ya kule kijijini Lusangi, mwanangu, ambayo siwezi kuikumbuka nikiwa nimekaa. Lazima nisimame, nizunguke uani kidogo, ndipo niendelee. Mke wangu akiniona hivyo hujua kwamba leo tena ni habari ya chemchemi.

Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wamefungua shimo juu ya chemchemi, na maji ya mtaa mzima yakageuka uji wa tope. Watoto wakaugua matumbo. Wanawake wakadai kikao, wakakataliwa, wakadai tena, hadi chifu akaja kwa pikipiki kutoka Kabambare kuwasikiliza wao na komite ya wachimbaji. Msemaji wa wanawake alikuwa shangazi yangu, Mama Zaituni, mkulima wa mpunga. Chifu asiposikia siku ile, shimo lingebaki.

Vyombo nilivileta mimi kutoka Kasongo: ampli ya kukuza sauti, batri, na bafle mbili, spika kubwa, nilizozifunga kwenye pikipiki kama wagonjwa wanaokimbizwa hospitali. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na lisansi, shahada yangu ya fizikia, na kichwa kisichoenea kofia yoyote.

Ampli ile iliongozwa kwa vitufe. Nyuma ya vitufe kulikuwa na ubao mdogo uliotuma amri kwa chipu ya sauti kupitia nyaya mbili nyembamba: pandisha, shusha. Chipu ilipaswa kujibu kila mara kwamba imesikia. Isipojibu, ubao ulidhani kuna hatari, ukazima sauti yote.

Shangazi alianza kwa salamu, taratibu, na ampli ikatii. Alipofika kwenye watoto sauti yake ikapanda, nami nikapandisha. Kimya. Nikazima, nikawasha. Akarudia, akapanda, kimya tena. Kila alipofika kwenye neno zito, mashine ilimziba mdomo.

Prezida wa komite ya wachimbaji, mwenyekiti wao, bwana mmoja wa miwani myeusi, akasimama bila mikro ya kusemea. "Chifu, mama iko namaliza! Hata mashine inachoka naye. Kelele za chura hazimzuii tembo kunywa maji."

"Prezida," shangazi akamjibu kwa sauti yake tupu, "chura analilia nyumba yake. Tembo ni mupita-njia tu."

Safu mbili za mbele zikacheka. Chifu, aliyekaa ng'ambo ya uwanja, hakusikia neno. Akaanza kutafuta fimbo yake aondoke.

Hapo nikalipuka. Nikawasha ampli tena, nikanyakua mikro, nikamwita prezida mwizi, nikamwita mbwa, nikawa naelekea kwa mama yake mzazi, na ampli, ambayo sijaishukuru vya kutosha hadi leo, ikakata. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata wanawake waliokuja na uchungu wa watoto wao walicheka. Prezida alicheka kuliko wote.

Shangazi akanikamata kola. "We mutoto ya kaka yangu! Ulikuya kututengenezea sauti ao kutuletea aibu? Kaa chini, fungua hiyo kitu." Kisha akamgeukia chifu, akapaza: "Chifu, mugeni hatoki chakula ikiwa bado kwa moto!" Hilo chifu alilisikia. Akakaa.

Ningekuwa kama nyinyi mafundi vijana mnaokuja kwangu leo na chipu mpya mfukoni, ningebadilisha chipu. Hili nalo linanichoma: mnang'oa kabla ya kuuliza. Nilichomoa bafle, nikapandisha sauti hadi mwisho, na amri zote zikapita. Nikarudisha bafle, nikashusha, zikapita. Nikapandisha, kimya. Basi chipu ilikuwa nzima. Iliyokuwa ikiiziba masikio ni nguvu yake yenyewe.

Nikafuata nyaya kwa kidole. Umeme wote uliotoka kusukuma bafle ulirudi kwenye batri kwa waya mmoja mwembamba, waya ule ule ambao ubao na chipu waliutumia kupimia sifuri yao, pale pa kuanzia kuhesabu umeme. Sauti ikiwa ndogo, waya uliwatosha wote. Ikiwa kubwa, waya ulitikisika, sifuri ikacheza, na amri ikafika imevurugika, kama unga unaopimwa juu ya mizani inayorukaruka. Tena zile nyaya mbili za amri zilikuwa zimelazwa ubavuni mwa nyaya za bafle, zikiokota kelele.

Nikachukua waya mnene niliochajia batri, nikaipa ile nguvu kubwa njia yake ya kurudia moja kwa moja. Ule mwembamba nikauachia ubao. Nyaya za amri nikazihamishia upande wa pili. Sauti sikuipunguza hata chembe.

Shangazi akashika mikro. Mwanangu, mimi nilidhani nina hasira! Alitaja kila mtoto kwa jina, akataja nani aliahidi nini, na hakuna neno lililopotea. Mwisho akaita, "Muletee chifu maji ya kwetu, kikombe moja. Na ingine ya prezida. Tembo anywe!"

Chifu alitazama ndani ya kikombe chake, akaamuru shimo lifungwe. Prezida alisema hana kiu. Shimo lilifukiwa wiki ile ile.

Nilipokuwa nakunja nyaya, shangazi akauliza mashine iliugua nini. Nikamweleza.

"Kumbe ndiyo ugonjwa yako vilevile. Hasira yako ilikuwa ya haki. Ila uliipitisha mu waya moja na maneno, maneno yakakufa."

Kwa hiyo sitakuambia hasira hasara. Nawachukia wazee wanaowaambia vijana hivyo huku mashimo yanachimbwa juu ya chemchemi zao. Kasirika. Wengine wetu tumenyamaza mno, na unyamavu wetu umefukia mengi kuliko koleo la mchimbaji. Lakini hasira uipe njia yake nene: tembea nayo hadi shambani, pasua kuni nayo, piga magoti nayo. Waya wa maneno uuache safi, ili ukisimama mbele ya mwenye nguvu, jina la mtoto aliyeugua lifike kama lilivyotoka. Na ukishindwa kueleweka, usikimbilie kung'oa watu kama chipu. Fuata nyaya kwanza.

Mungu akupe hasira isiyochoka na ulimi unaofika. Maji ya mlangoni kwako yawe meupe, na atakayeyachafua asikose wa kumletea kikombe.